Picha Zilizotobolewa

9 Machi

Leo amekuja kijana wa Malindi, jina lake Levis, amevaa viatu vyeupe katika vumbi hili la Garsen. Amesimama mlangoni pa studio akasoma kibao cha marehemu baba, akaingia, akaniamkia vizuri, kisha akaniuliza kama zile kamera za rafuni bado zinafanya kazi. Miaka sita sijaulizwa swali hilo. Watu wanakuja kwangu kutoa kopi na kupiga picha za kitambulisho, na hata hizo siku hizi wanajipiga wenyewe kwa simu.

"Auntie, bosi anataka mandhari ya mto," akasema. "Kwa filamu, si kwa simu. Hizi ni za kubandika ukuta mzima. Na anataka ardhi tupu kabisa. Mtu asikuwe, mnyama asikuwe."

Anataka malka iliyo ng'ambo ya Golbanti, ile njia pana ambayo ng'ombe wa Waorma hushukia mtoni kunywa maji. Nikamuuliza kwa nini hapo. Akasema pana mwangaza mzuri, na hilo ni kweli. Ameniachia roli mbili za filamu ndogo, mbili za kati, na sanduku la vipande ishirini vya filamu kubwa. Wakati wa kuondoka ameniita msanii. Nimejiona mrefu mpaka jioni.

13 Machi

Kamera ndogo. Picha thelathini na sita. Jua la kuchoma ubongo, na ng'ombe kila unapogeuka.

15 Machi

Nimeosha roli ya kwanza. Aibu. Kati ya thelathini na sita imefaa moja. Ishirini na saba zina ng'ombe au mchungaji, tano zimetikisika, mbili upeo wa macho umekwenda upande, na moja ni kidole changu mwenyewe, mimi ninayejiita fundi.

Nimefanya kama baba alivyonizoesha. Picha iliyoharibika haiachwi hivihivi, isije siku moja ikasafishwa na mtu mwingine na kutembea na jina la studio. Nimechukua kitobozi chake, kile cha mikanda ya ngozi, nikatoboa negativu thelathini na tano, kila moja katikati, pale palipo na kosa. Tak, tak, tak. Mkono umeuma.

16 Machi

Sadia ameleta maziwa asubuhi kama kawaida. Huyu mama wa Kiorma ananiletea maziwa mwaka wa kumi na moja sasa, na Dida anayechunga pale malka ni kaka yake. Nimemwambia ng'ombe wao wananiharibia kazi. Amecheka mpaka akashika mlango.

"Asenath, wewe nakunywa maziwa ya yeye, halafu nakasirika na yeye!"

Sikuona cha kuchekesha.

20 Machi

Roli ya pili ndogo. Mbili kati ya thelathini na sita. Nimetoboa thelathini na nne.

Tatizo la kamera ndogo nimelijua leo. Ukiwa na picha nyingi mkononi, unakuwa mlafi. Unabonyeza kwanza, unafikiri baadaye. Kidole kinajisemea moyoni, zipo nyingine.

27 Machi

Nimegombana na Dida. Nilikuwa nimepata mawingu ya kwanza mazuri ya mwaka, yamejipanga juu ya mto, na yeye akashuka na ng'ombe mia na zaidi mbele ya lenzi.

"Mzee Dida, watoe kidogo. Dakika kumi tu."

"Natoa napeleka wapi? Maji iko hapa."

"Nakuomba."

"Mama picha, ng'ombe hapana jua dakika. Yeye najua kiu." Akasimama na fimbo yake mabegani, mikono ameitundika juu yake, ananitazama kwa huruma kabisa. "Wewe piga tu. Mimi hapana kataa picha."

Hakunielewa. Nilikunja miguu ya kamera nikapanda boda nikarudi Garsen nimenuna njia nzima. Hawa watu wanadhani dunia yote ni ya ng'ombe wao. Mdogo wangu Kotile, ambaye shamba lake la migomba liko chini kidogo ya malka, kila siku analia hivyo hivyo, na leo kwa mara ya kwanza nimeona ana haki.

4 Aprili

Nimeanza kamera ya kati, ile unayoitazama kutoka juu kama mtu anayechungulia kisima. Roli moja ina picha kumi na mbili tu. Nimejikuta nangoja. Ng'ombe wakija nafunika lenzi, nakaa chini, natafuna mahindi. Nimepata tatu kati ya kumi na mbili.

Tatu! Kwa roli mbili ndogo nilipata tatu katika sabini na mbili.

9 Aprili

Mvua. Imeanza mchana ikaendelea mpaka bati likaninyima kusikia redio.

14 Aprili

Kamera ya kati, roli ya pili. Tano kati ya kumi na mbili. Njia ya Golbanti imekuwa uji, boda imelala mara mbili na mimi nimelala nayo mara moja. Lakini tano! Nimeandika hesabu ukutani kwa chaki, baba angeona angetabasamu.

17 Aprili

Maziwa hakuna. Sadia anasema ng'ombe wamehama na mvua, wamekwenda juu kwenye majani mapya. Chai ya rangi basi.

23 Aprili

Mvua. Kotile amekuja, amelowa, ana furaha. Maji yamefika kwenye migomba kwa kiasi kizuri. Anasema mwaka huu shamba limepumua. Nimemwambia habari za Levis. Akaniuliza bosi wa Levis ni nani, nikasema ni mtu wa kalenda. Kusema kweli sijui kama ni kalenda. Neno hilo nililiweka mimi.

2 Mei

Kamera kubwa ya mbao imetoka nje kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba. Nilisahau uzito wake. Nilisahau pia ule utamu wa kuingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi na kuona mto umepinduka kwenye kioo, mawingu chini, maji juu, kila kitu kimetulia. Picha moja inanichukua nusu saa. Ukikosea, umetupa kipande kizima, kwa hiyo huwezi kukosea kijinga.

Nimepiga nne. Tatu zimefaa! Ya nne nilisahau kuvuta kile kibao cha kuziba mwanga, kwa hiyo nimepiga picha nzuri sana ya giza.

7 Mei

Mafuriko barabarani. Sikutoka.

8 Mei

Sikutoka.

12 Mei

Nimevushwa kwa mtumbwi. Vipande vinne, vyote vinne vimefaa. Malka imelala pana na kijani, majani yamefunika kwato zote, hakuna hata kinyesi. Nimesimama pale peke yangu nikasikia raha ya ajabu, kama mtu aliyefagia uwanja wote na hakuna mtoto wa kuuchafua.

19 Mei

Vipande sita. Vitano. Kimoja nimekipiga mara mbili, picha juu ya picha, mto umepita angani.

25 Mei

Nimemaliza sanduku. Leo vipande sita, vitano vimefaa, kimoja kina tone la mvua katikati ya lenzi. Jumla ni kumi na saba kwa ishirini.

Nimekaa na chaki yangu. Filamu ndogo, moja katika kila ishirini na nne. Filamu ya kati, moja katika kila tatu. Filamu kubwa, kumi na saba kwa ishirini. Mtu yeyote mwenye macho ataona. Filamu ikiwa kubwa, mkono unakuwa mzito na jicho linakuwa kali. Nimetumia miaka thelathini kujua jambo ambalo baba alilijua na hakuniambia, au aliniambia nikiwa sisikilizi.

29 Mei

Levis amekuja kuchukua kazi. Viatu vimebadilika, sasa ni gambuti. Ametazama negativu kubwa kwenye dirisha moja baada ya nyingine.

"Auntie, hii ni moto. Hakuna ng'ombe hata moja!"

Nikamweleza nadharia yangu. Alisikiliza vizuri, akaniomba niiandike. "Andika yote, tarehe, ni ngapi zimetoka poa, ni ngapi zimekataa, na kwa nini. Bosi anapenda takwimu. Weka sahihi yako chini."

Basi nimeandika ukurasa mzima kwa mwandiko wa shule. Nimeeleza kuwa picha niliyoihesabu kuwa imefaulu ni ile isiyo na mtu wala mnyama. Nimeeleza kumi na saba kwa ishirini, kati ya tarehe mbili na ishirini na tano Mei. Zile za filamu ndogo nimeziacha. Nani anapenda kujianika? Nimetia sahihi, Asenath Hiribae, mpiga picha, Garsen.

6 Juni

Chai ya rangi. Mvua inapungua.

15 Juni

Sadia amepita kunisalimu mikono mitupu. Amesema kuna kikao cha ardhi Tarasaa tarehe ishirini na nne, kampuni moja inataka kukodi ardhi ya ng'ambo ya Golbanti walime, na wazee wao wamekwenda kumwita Dida. Alikuwa na wasiwasi. Nimemwambia hayo mambo huwa ni maneno tu, watu wanakunywa soda na kurudi makwao. Nilikuwa nakata picha za kitambulisho wakati nikisema hivyo. Sikuinua kichwa.

24 Juni

Nina hasira na sijui nianze kuandika wapi.

Nilikwenda Tarasaa kwa sababu Kotile aliniomba nimsindikize. Ukumbi wa shule ulijaa, Wapokomo upande huu, Waorma upande ule, kamati mbele. Na ukutani nyuma ya kamati, kubwa kuliko milango, zilikuwa picha zangu sita. Nilizitambua kabla sijakaa. Moyo wangu, Mungu anisamehe, kwanza ulifurahi. Nilitaka kumshika Kotile mkono nimwambie, tazama, tazama ile ya mawingu.

Kisha bwana wa kampuni akasimama. Mtu mpole, sauti ya kanisani. Akasema wao hawakutaka kuleta maneno ya upande wowote, ndiyo maana walimtafuta mpiga picha wa hapa hapa, mama mwenyeji, Mpokomo, asiyelipwa kusema chochote ila kupiga anachokiona. Akasema mama huyu alisimama kwenye hiyo inayoitwa malka mwezi mzima wa Mei. Akafungua karatasi. Karatasi yangu, mwandiko wangu wa shule. Akasoma.

"'Katika vipande ishirini, kumi na saba havina mtu wala mnyama.' Na vile vitatu vilivyobaki, anaeleza mwenyewe, ni hitilafu ya kamera. Waheshimiwa, hakuna hata ng'ombe mmoja. Njia isiyopitiwa na ng'ombe mwezi mzima ni njia ya nani?"

Levis alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Alinitazama mara moja halafu akaanza kushughulika na simu yake.

Dida alisimama. Amekonda tangu Machi. Alisema kwa Kiswahili, hakungoja mkalimani. "Mvua nanyesha, ng'ombe nakwenda juu. Jua nakuja, ng'ombe narudi. Baba yangu hivyo, babu yangu hivyo. Kila mtu hapa najua." Na aligeukia upande wetu. "Nyinyi najua."

Kweli tunajua. Mtoto wa darasa la pili wa Golbanti anajua. Upande wetu hakuna aliyesimama, na Kotile akatazama viatu vyake. Nami nilizihesabu picha zangu ukutani mara mbili. Halafu nikasimama.

Nikasema karatasi ni yangu. Nikasema ninazo picha nyingine za mwezi wa Machi, sabini na mbili, na karibu zote zimejaa ng'ombe. Mwenyekiti akauliza kwa nini sikuziandika humo. Nikasema hazikufaulu. Watu wakacheka. Akaniambia nizilete tarehe mosi.

25 Juni

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo.

Tarehe kumi na saba Aprili, maziwa hakuna, ng'ombe wamehama na mvua. Nimeandika kwa mkono wangu. Siku tatu kabla nilikuwa nashangilia picha tano. Wiki mbili baadaye ninatoa kamera kubwa na kujisifu. Yaani haikuwa filamu. Haikuwa mkono mzito wala jicho kali. Ng'ombe walikuwa wameondoka, basi. Ningepiga kwa kamera ndogo mwezi wa Mei ningepata thelathini na sita, hata na kidole changu. Mimi niliyezaliwa kando ya mto huu, ninayejua majira ya ng'ombe tangu nibebwe mgongoni, nilisahau kwa sababu nilikuwa na chaki na hesabu.

Kisha nimefungua kopo la negativu za Machi. Nilikuwa nazijua zilivyo, lakini ni kitu kingine kuziinua dirishani. Sitini na tisa. Kila moja ina tundu, na nilitoboa kwa ustadi, katikati ya kosa kabisa.

28 Juni

Nimechapa zote. Tundu la negativu kwenye karatasi linakuwa duara jeusi.

1 Julai

Nilizipanga mezani mbele ya kamati. Mwenyekiti alivaa miwani, akainua moja, akainua ya pili.

"Mama, haya madoa meusi ni nini?"

"Ni matundu."

"Nani ametoboa?"

"Mimi."

"Lini?"

"Machi. Zilikuwa zimeharibika."

"Zilikuwa zimeharibika vipi?"

"Zilikuwa na ng'ombe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bwana wa kampuni akasema kwa upole kwamba hamlaumu mama, ila picha zisizo na tarehe, zilizotobolewa na shahidi mwenyewe, haijulikani zimeficha nini. Nikasema tarehe zimo kwenye daftari langu la siku. Akatabasamu. Akasema ripoti yangu ina sahihi, je, daftari lina sahihi? Mwenyekiti akaandika kitu.

Dida alisogea mezani bila kuitwa. Alikuwa anazitazama picha kwa makini sana, mtu ambaye nadhani hajapata kujiona kwenye karatasi zaidi ya kitambulisho. Akaikuta ile ya tarehe ishirini Machi ambapo amesimama karibu kabisa na kamera. Fimbo ipo mabegani. Mikono ipo, imetundikwa. Kikoi kipo, miguu ipo, na nyuma yake ng'ombe mpaka kwenye maji. Akaweka kidole juu ya duara jeusi.

"Mama picha," akasema, taratibu, hana hasira hata kidogo. "Mimi iko wapi?"

Nikaanza kuzikusanya picha mezani.

8 Julai

Uamuzi umetoka. Ardhi "haina matumizi ya mara kwa mara". Kampuni imepewa.

9 Julai

Levis amepiga simu mara tatu. Sikupokea. Ametuma ujumbe: Auntie mimi pia sikujua yote pole sana. Neno "yote" nimelisoma mara mbili. Kwa hiyo nusu alijua.

13 Julai

Sadia hakuja. Ng'ombe wao wa maziwa wamesharudi, nimeona wamama wengine wakishusha madumu sokoni. Nimemwona na yeye, upande wa pili wa barabara. Aliniona. Akarekebisha dumu lake kichwani akapita.

18 Julai

Kotile amekuja mbio. Vigingi vya kampuni vimeshuka mpaka kwenye kingo za mto, vimepita katikati ya migomba yake. Amekwenda kuuliza, akaonyeshwa picha. Ile ya mawingu. Shamba lake liko pembeni kushoto, limefunikwa na maji ya Mei, linaonekana kama mto tu.

"Dada, waambie hapo ni shamba langu."

Nikamwambia siku ile Dida aliposema nyinyi mnajua, ulikuwa unatazama viatu. Nilikuwa mkali. Alilia, mtu mzima wa miaka arobaini na nne, na mimi nikamwacha alie, kisha nikampikia chai. Ya rangi.

26 Julai

Kiangazi kamili. Vumbi limerudi. Nimekuta roli moja ndogo ya baba kwenye droo, imepitwa na muda miaka tisa.

27 Julai

Nimekwenda malka na kamera ndogo. Waya umeshakazwa, nyuzi tano, kutoka barabarani mpaka kwenye kingo. Ng'ombe walifika saa nne, mia na zaidi, wakashuka njia yao mpaka walipogusa waya. Wakasimama. Wanauona mto. Wanausikia. Wale wa nyuma hawakujua kuna nini, wakaendelea kusukuma.

Dida alikuwa katikati yao. Niliinua kamera kidogo nimwonyeshe, namwomba ruhusa, na nilidhani ataniambia niondoke. Alinitazama muda. Akaweka fimbo mabegani, akatundika mikono, akainua uso.

Nikapiga. Nikasogea, nikapiga tena. Sikungoja mwanga, sikupima kitu. Nilipiga mpaka kamera ikagoma.

28 Julai

Nimeosha. Filamu ni ya zamani na ina ukungu kidogo, lakini kila kitu kinaonekana. Nimeitundika dirishani nikahesabu kwa mazoea. Ng'ombe hakuna aliyetikisika, walikuwa hawana pa kwenda.

Thelathini na sita kwa thelathini na sita.